Hesabu ya Gunia

Gunia la kilo hamsini lilizoea kutufikisha mwezi.
Safari hii, wiki ya tatu haijesha,
mkono wangu ukagusa chini.
Kuku kumi na wanane.
Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu kwa tasbihi,
hesabu ikakataa.

Na walikula, mimi shahidi.
Tangu adhana ya alfajiri wakigombana,
wakidonoa sufuria tupu mpaka inalia,
na bado ukimshika mmoja chini ya bawa
kidari chake kikali kama mbuzi ya nazi.
Undu umepauka. Ganda la yai linabonyea,
kiini kimechujuka kama kanga ya kufulia.

Ndipo nikamtazama Shafikul.
Shafikul wa Silheti, mwaka wa tisa huu hapa Mudhaibi,
Kiswahili chake kakiokota jikoni kwangu,
anasema "ati" na "hebu" kama mtu aliyezaliwa Wete.
Ana funguo za stoo.
Ana baiskeli.
Ana rafiki mwenye bata kule Samad.
Nikajumlisha.
Uzee una hisabati yake:
ukikosa jawabu, unatafuta mtu.

Nilisema. Siwezi kusema sikusema.
Nilisema mbele ya wajukuu,
tena kwa Kiarabu, ili iume zaidi.

Hakujibu. Akaingia bandani,
akamtoa yule wa kijivu aliyekuwa akisinzia mchana kutwa,
akapiga bismillahi, akachinja,
akautandaza utumbo juu ya ubao
na kuupasua kwa wembe, taratibu,
kama mtu anayefungua barua ya mwenziwe.

Walikuwemo.
Weupe, urefu wa kidole cha shahada,
wamesokotana kama tambi za Idi
kabla hazijatiwa sukari.
"Hebu tazama, mama," akasema. "Mwizi huyu."

Alasiri akaja Intisari, mtoto wa shemeji yangu,
daktari wa mifugo, viatu vyake vyeupe vya vumbi.
Utumbo kwa ndani, alisema, ni mahameli,
kila unyoya wake unanyonya,
unapokea kilichosagika na kukikabidhi damu.
Huu wenu, shangazi, umekuwa busati
pale mlangoni panapokanyagwa.
Chakula kinapita kama mgeni asiyeambiwa keti,
ndiyo maana mavi yana punje nzima.
Na hicho kidogo kilicholainika
wao wameshakaa mbele ya sahani.

Mchango, ndivyo tulivyowaita Pemba.
Jina moja na ule wa harusi:
kila mtu katoa,
na aliyekula hajulikani.

"Lakini nchi yetu kavu," nikamwambia,
"mayai yao yamepata wapi unyevu?"
Akatazama chini ya banda. Mimi pia.
Mwezi wa sita, joto limepanda mpaka mlango wa bati hauguswi,
ni mimi niliyekuwa nikiwamwagia maji ya falaji,
ndoo asubuhi, ndoo jioni,
nikiwaonea huruma.
Tope halikukauka hadi leo.
Huruma yangu iliwatandikia kitanda.

Tumekwangua banda, takataka tumeziachia jua.
Dawa wamekunywa, ya pili wiki ya tatu.
Mayai ya siku zile tulizikwa... nasema vibaya, tuliyazika,
wajukuu wakilia kwa kukosa kimanda.
Sasa undu unarudi, kwanza kwenye ncha,
wekundu mdogo kama tone la zafarani majini.
Gunia limekwisha mwezi, na likabaki kopo moja.

Shafikul nilimwomba radhi kwa Kiswahili,
sikuwa na Kiarabu cha kazi hiyo.
Akasema, "Ati radhi ya nini, mama?"
na akaenda zake kumwagilia jeti.
Lakini kila asubuhi sasa anapima chakula
chini ya dirisha langu, kwa sauti:
moja, mama. Mbili, mama. Tatu.
Na jioni funguo za stoo
naziona juu ya kizingiti cha dirisha.
Sikumwomba aziweke hapo.
Sijui namna ya kumwomba aziondoe.