Mjomba Ndani ya Kabichi

Alhamisi Zdenka alimzika mumewe.
Jumamosi yuko sinema, pale Olomouc,
koti jeusi bado lina udongo kwenye pindo.

Kwenye pazia, ndugu wawili wamemficha mjomba aliyekufa
wasije wakakosa pensheni yake ya mwezi.
Wanamvisha miwani, wanampakia baiskeli,
mteremkoni breki zinakatika,
puu! mjomba ndani ya pipa la kabichi,
miguu juu,
soksi moja.

Zdenka anacheka hadi mbavu zinamuuma,
anampiga jirani asiyemjua kofi la paja.

Msimwone hana haya.
Maiti huyu, kamera ikishazimwa,
atajipangusa kabichi masikioni
aulize chai yake iko wapi.

Chai ya wa kwake ilipoa mezani.