Herufi Moja

Mtupo wa pili. Kamera inausogelea mkono wa Oglesby:
simba, tarehe ya msiba, namba ya nyumba ya Toledo,
na karibu na kiwiko, jina la bibi, EARLINE.

Bibi mwenyewe, kochini, anaguna:
"Hapo pana E, jamani, si I."

Alichorwa jikoni kwa jirani, ana miaka kumi na sita,
sindano ya kuazima, dola ishirini za kukata nyasi.
Sasa ana mamilioni. Daktari aliahidi kuifuta kwa leza,
isibaki hata alama.

Bibi ndiye aliyekataa.
Kwenye friji yake bado imebandikwa kadi ya darasa la pili,
kosa lilelile, kwa kalamu ya nta.

Mpira unazunguka ukingoni,
haujaamua.