Alama ya Pasi

Jumamosi ile nilikuwa nanyoosha kitambaa cha meza ya Bwana,
zamu yangu katika Umoja wa Akina Mama,
makaa yamekolea, pasi imeshika moto,
na nje, hapa Muyeye, mtoto wa jirani
anamfukuza kuku wetu kwa kandambili moja.

Nikasikia dumu la maji likianguka.
Dumu huanguka kila siku. Sikugeuka.
Kisha nikasikia kimya kilichofuata dumu,
na kimya hicho ndicho kilichoniita jina.

Changawa alikuwa chini kando ya bomba,
maji yanampita kama wapitavyo watu wenye safari zao,
mkono wa kulia umelala, mguu wa kulia umelala,
mdomo umevutwa upande kama pazia lililonaswa na msumari.
Mtu aliyekata mawe Maweni miaka kumi na tisa,
jiwe halikumwangukia hata moja.
Kaja kuangushwa na asubuhi.

Tuliporudi kutoka hospitali, siku ya tano,
jirani alikuwa ameiinua pasi kabla nyumba haijawaka.
Ilikaa pembeni, imepoa, haina habari,
na katikati ya kitambaa cheupe
alama ya hudhurungi, ncha mbele,
kama jani la mkungu lililoanguka.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka peke yangu
hadi machozi yakakumbuka kazi yao.
Maombi sikuwa nayo. Wenzangu walikuja nayo,
marefu, yenye milango na madirisha.
Mmoja akaniambia kila jambo lina sababu;
nikamwambia anipe ya hili,
akaomba maji ya kunywa.

Jumapili iliyofuata, alfajiri, nikakipeleka hivyo hivyo,
nimekikunja alama ikiwa ndani
kama mtu afichaye barua ya deni.
Nyevu Thoya, mtunza vyombo vya kanisa,
mwanamke asiyejua kunong'ona,
alikikunjua, akatazama, akanyamaza.
Nikangoja anitajie shilingi ngapi.
Akakitandika mezani, akaipapasa mikunjo,
akachukua kikombe
akakiweka juu ya alama.

"Siku zote hatukuwa na hakika katikati ni wapi," alisema.
"Leo tunapajua."

Sikuona nuru. Sikusikia sauti.
Nilinusa divai na nta, na kwapa la mwenzangu.
Kasisi alipokiinua kikombe niliiona alama,
alipokirudisha sikuiona,
nikajua bado ipo,
na kwamba kuna kitu kimekaa juu yake.
Yule naye aliomba usiku, jasho linamtoka,
kikombe kimpite.
Hakikumpita.
Basi huyo ananijua.

Changawa sasa ana neno moja.
Lilirudi lenyewe, mwezi wa pili,
kama kuku arudivyo bila kutafutwa.
Umekula? Bado.
Umeshiba? Bado.
Inauma? Bado.
Daktari akamwuliza jina lake. Bado.
Tulicheka, yeye kwa nusu ya uso,
mimi kwa uso mzima.
Siku moja, nikimnyoa ndevu, nikajitia ujasiri:
ungali unanipenda? Bado, akasema,
na sijui hadi leo alijibu upande gani,
lakini alinishika kidole kwa mkono uliobaki,
akakataa kukiachia, sabuni ikamkaukia shavuni.

Jana usiku umeme ulikatika.
Nilikuwa namgeuza ubavu asije akatoka vidonda,
joto limetuganda, mbu wanatuimbia bila huruma,
nikamwuliza gizani lile ambalo sikumwuliza kasisi:
Changawa, Mungu ametuacha?

Akavuta pumzi. Akalitafuta neno lake
kana kwamba ana mengi ya kuchagua.

Bado, akasema.

Nikamvutia shuka hadi kidevuni.