Gia ya Tatu

Tuliishusha Jumamosi, watu sita na jeki mbili,
juu ya tairi bovu, kisha juu ya jabali
lile bapa la nyuma ya jiko, Mabatini,
ambalo mama huanikia mihogo.
Akatandika gunia kwanza. "Jabali langu," akasema,
"lisije likanuka Fuso."
Linanuka Fuso hadi leo.

Fundi wa Igoma alitaka laki tisa
na wiki tatu, vipuri juu yangu.
Nikahesabu dagaa wa Kayenze wanaosubiri gari,
nikahesabu na mvua.
Nikaazima pula ya beringi kwa Lushinge,
nikakusanya mabeseni yote ya nyumba,
hata lile la kunawia wageni.

Oili ilitoka nyeusi, nzito kama uji wa ulezi,
na ndani yake unga wa chuma ulimeta
kama magamba ya furu.
Nkwabi akachovya kidole: "Dada, haya ni meno."
Ndiyo. Tumekuwa tukitafuna meno yetu wenyewe
tangu Usagara hadi Shinyanga.

Shafti ya juu. Shafti ya chini. Sinkronaiza.
Uma wa gia, umelika upande mmoja
kama kisigino cha mwenye matege.
Kila kilichotoka nikakipanga kwenye foleni,
namba kwa chaki juu ya mwamba,
maana giaboksi haifungwi kwa kukumbuka,
hufungwa kwa kurudi ulikopita.

Jioni usubi ukaja kutoka ziwani, wingu zima,
ukaitamani grisi.
Mama akatoa chandarua cha kitanda chake
akakifunika kile chuma kama mtoto mwenye homa.
Sikumcheka. Nilikuwa nimechoka, na alikuwa sahihi.

Jumapili, nyuma ya beringi ya mbele,
nikakuta bati.
Si washa, si kipuri. Bati la kopo la mafuta ya kupikia,
limekatwa mviringo kwa mkasi,
herufi za buluu zinasomeka nusu,
ukingo umegongwa nyundo ndogondogo, kwa subira.
Niliujua mkono huo.
Ndio ulioziba sufuria zetu.

Mwaka ule baba alisema: nimeagiza giaboksi nyingine,
imekuja kwa treni, mnaisikia inavyoimba?
Tuliisikia. Iliimba kweli, kwa pua.
Mwaka ule ule niliripoti Nganza, kidato cha kwanza,
na godoro jipya, na tranka lenye kufuli,
na ada yote kwa mkupuo.
Sikuuliza. Nani huuliza?
Naye akafunga ukanda wa mpira wa tyubu
toka mkono wa gia hadi chini ya kiti
ili tatu isiruke mlimani,
akaendesha hivyo miaka kumi na mmoja
akisema ni mtindo.

Nikamwonyesha mama. Akaligeuza lile bati.
"Kopo hili nililitafuta sana," akasema.
"Nililitaka la chumvi."
Akarudi jikoni.

Beringi mpya, sili mpya, washa ya kiwandani;
unene nikaupima mara tatu.
Gasketi nilikata kwa boksi la viatu,
maana pesa ilikomea kwenye beringi.
Msinicheke. Damu ni damu.

Alhamisi alfajiri, mwinuko wa kwanza baada ya Kayenze,
tani tatu za dagaa mgongoni,
pili, kisha tatu.
Ikaingia bila neno.
Nkwabi, kwa mazoea, akanyoosha mkono kuishikilia.
Nikampiga kofi la vidole. "Acha."

Ikakaa.
Tukapita mti wa kwanza, tukapita wa pili,
ikakaa,
na ule ukanda wa tyubu, ambao sikuukata,
ukawa unaning'inia kwenye kiti, ukicheza,
haushiki kitu.