Beringi ya Safari

Chake Chake, nyuma ya soko, Mbarouk kaniwekea mbili guniani:
mpya ndani ya boksi, inameremeta kama jino la dhahabu,
na kuukuu, nyeusi tii kwa grisi,
iliyong'olewa kwenye Landrova la wapima misitu
lililokula matope ya Ngezi masika kwa masika.

"Zungusha."

Mpya ikasaga, kama mchanga umeingia kwenye wali.
Kuukuu ikazunguka kimya,
ikazunguka, hadi nikachoka mimi.

Nimemwambia niendako: Mkoani, meli, Tanga, hadi Turkana,
njia isiyo na duka wala fundi.
Bei ya kuukuu ilinishtua.
"Ile nakuuzia boksi," akasema. "Hii nakuuzia chuma."

Nikalipa.
Boksi nikaliomba bure, nitie misumari.