Hakupatikana

Ripoti ina kurasa nne. Niliichapa mwenyewe
usiku, ofisini Mbale, umeme ukienda na kurudi
kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa.
Jina: Lugadiru, mwana wa Vuguza.
Kosa: kujeruhi kwa panga.
Kifungo: miaka saba. Alichotumikia: mitatu na miezi miwili.
Tabia gerezani: njema. Amejifunza useremala.
Gereza limefurika, jaji ataka jibu kabla ya Ijumaa.

Familia: iko tayari kumpokea.
Hilo ni kweli. Mama yake alinipikia ugali na mrenda,
akanionyesha kitanda alichokuwa amekwisha kukitandika.
Chifu: hana pingamizi.
Hilo nalo kweli, ingawa nilimuuliza kwa simu
naye yuko matangani, na ngoma zilimzidi sauti.

Kisha kile kisanduku, ukurasa wa tatu, chini:
Maoni ya mwathiriwa.

Nilikwenda. Msiseme sikwenda.
Nilikuwa na majalada mia moja themanini na sita,
pikipiki moja, na petroli ya wiki iliyopita.
Mvua ilinikuta Kegondi, pale njia inapopanda
kati ya mawe makubwa kama ng'ombe waliolala,
tairi likaogelea kwenye udongo mwekundu,
nikajibanza chini ya paa la kinu cha kusaga mahindi.
Nikamuuliza mtoto, Mideva unamjua?
Akanyosha kidole juu, juu kabisa, kwenye ukungu.
Nikakitazama kidole.
Nikavitazama viatu vyangu.
Nikarudi.

Na neno likanijia lenyewe, safi, limepigwa pasi.
Ningeandika *sikumpata*, ningekuwamo;
mtu angeuliza, ulimtafuta wapi, saa ngapi, mpaka wapi?
Lakini lugha yetu humhurumia mvivu.
*Hakupatikana*: mimi simo.
Yeye ndiye aliyeshindwa kupatikana,
kana kwamba alijificha,
kana kwamba hakuwa mlangoni pake siku nzima
akichambua mboga, akisikia pikipiki ikikohoa bondeni.

Jumatatu tatu Lugadiru alitia sahihi daftarini,
saa mbili na nusu, wala hakuchelewa dakika.
Mwandiko wa seremala, umenyooka kama ubao.
Jumatatu ya tatu aliniuliza habari za watoto.
Nikamwambia hawajambo. Nikamshukuru.

Mideva hakuambiwa na mtu.
Siku ya hukumu alipanda parachichi nyuma ya jiko,
akasema, ukizaa mara ya pili, nitahama.
Ulikuwa ndiyo kwanza unatoa maua.

Na yule hakuhitaji pikipiki.
Mvua ile ile, mawe yale yale, ukungu ule ule.
Hakumuuliza mtoto.
Jumatatu ile ile, kabla taa hazijawashwa,
alimpata.

Mama yake, Kageha, alikuja ofisini siku ya nane.
Nilidhani atalia, nikawa nimeandaa kiti na maji.
Maji hakuyagusa. Akasema, nisomee walichoandika juu ya mwanangu.
Nikasoma kuhusu useremala. Nikasoma kuhusu kitanda.
Akasema, hayo ya yule. Nisomee ya mwanangu.

Lilikuwa neno moja. Nililisoma mara moja,
naye akaomba nimwonyeshe lilipo,
akaliwekea kidole, taratibu,
kama anayetoa kibanzi jichoni mwa mtoto.
Hakuwa na hasira. Alitaka tu kuelewa.
Hakupatikana wapi? akauliza.
Alikuwa nyumbani.

Leo ni Alhamisi. Jaji mwingine ataka jibu kesho.
Jalada ni la kijana wa Mudete, tabia njema, ufundi wa kushona.
Nimefika ukurasa wa tatu.
Petroli hakuna, na huko juu kumeanza kufunga wingu.
Mlinzi ananiuliza naenda wapi na viatu mkononi.