Theluji ya Mafinga

Saa kumi na mbili na nusu, Julai,
msumeno bado umelala.
Napita uchochoro wa nyuma ya kiwanda,
kamera nimeificha ndani ya koti, kifuani,
kama kifaranga:
betri huzimia kwa baridi ya huku.

Upepo umefanya kazi usiku kucha bila posho.
Rundo la unga wa mbao lililoachwa jana
kama ugali uliobwagwa na mtu mwenye hasira,
limelambwa, limechanwa, limetandazwa
mpaka kwenye uzio wa mabanzi.
Sasa lina mbavu.
Lina mikunjo ya shuka alilolalia mgonjwa.
Na kule karibu na pipa la dizeli
lina alama za vidole
vya mkono usio na mwenyewe.

Napiga magoti. Jua linakuja chinichini,
linapenya ubavuni mwa misindano,
na kila tuta, kimo chake nusu kidole,
linapewa kivuli kirefu kuliko stahili yake.
Dakika tisa tu. Nimezihesabu miaka mitatu.
Zikiisha, jua hupanda
na matuta hurudi kuwa taka.

“Kamwene,” anasema Chengula, fundi wa msumeno.
“Uko chini tena? Umedondosha hela?”
“Kamwene. Napiga picha.”
“Ya nini?”
“Ya upepo.”
Anatazama inakotazama lenzi,
anatazama tena, kwa adabu,
kama mtu aliyeonyeshwa kichanga asiye mzuri.
Kisha anakatiza katikati kwenda kuwasha injini.
Mabuti yake. Hatua kumi na moja.

Usiku, studio:
chumba kimoja, pazia la buluu, kiti cha pasipoti,
feni ambayo mji huu haujawahi kuihitaji.
Nafungua kompyuta.
Naanza kwa kuondoa rangi. Njano inakufa taratibu,
unga unakuwa mweupe,
weupe unaanza kuuma meno.
Nasukuma giza mabondeni,
navuta nuru migongoni,
nakata uzio, nakata pipa, nakata Mafinga.
Kinabaki kitu kisicho na kipimo:
pengine safu ya milima ionekanayo toka angani,
pengine ngozi ya nyuma ya sikio.

Tulalumba, miaka sita, ananiegemea bega.
“Baba, hiyo ni theluji?”
Ameiona kwenye kalenda ya duka la dawa.
Nasema ndiyo. Kueleza ni kazi.
“Mbona kuna mtu amepita?”

Basi nachukua zana ya kufuta,
ile inayokopa hapa ikalipe kule,
na kuziba hatua, moja moja.
Ya kwanza. Ya pili.
Unga wa jirani unaingia shimoni
wala haulalamiki.
Ya tano. Ya saba.

Pembeni ya kibao cha herufi
kuna bahasha ya Chengula, hajaifuata bado:
picha nane, ndogo, za fomu ya hospitali.
Siku ile alikaa pale kitini akasema,
nitoe hili vumbi kwenye nyusi, fundi mwenzangu,
mke wangu ananiita babu.
Nikamtoa. Nyusi zikawa nyeusi kama za harusi.
Picha haikohoi.
Nilimtoza bei ya kawaida.

Mkono unakaa juu ya kipanya
mpaka kioo kinajizima chenyewe.
Nakiamsha.
Zimebaki hatua nne
zisizo na zilikoanzia,
zinatoka nje ya fremu, kulia,
upande wa injini.

Nahifadhi hivyo hivyo.

“Anaenda wapi?” mtoto anauliza.
“Kazini.”
“Kwenye theluji?”
“Vaa soksi, ukalale.”

Nje, juu ya bati, unaanza tena,
ule usiolipwa.